Kazini naambiwa sisemi wazi, nyumbani naambiwa sina adabu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume mwenye miaka tisa. Sehemu kubwa ya utu uzima wangu nimeishi nje ya nchi niliyozaliwa. Kazi yangu ni ya timu iliyotawanyika, kila mmoja yuko nchi yake na tunaonana kwenye skrini. Nakuandikia kwa sababu mwaka huu nimekosana na pande zote mbili za maisha yangu, na shtaka la upande mmoja ni kinyume kabisa cha shtaka la upande wa pili.

Nianze na kazini. Kuna mradi tuliujadili kwenye kikao. Niliona wazi kwamba hautafika popote maana muda uliopangwa ulikuwa mdogo mno. Meneja akaniuliza naonaje. Nikasema, "Ni wazo zuri, labda tuangalie tena kidogo upande wa tarehe." Kwangu hiyo ilikuwa hapana, tena hapana kubwa. Yeye akaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba nimeunga mkono. Mradi ukachelewa kama nilivyojua utachelewa, na kwenye tathmini ya mwaka nikaandikiwa kwamba sisemi ninachofikiri na wenzangu hawajui nimesimama wapi. Iliniuma, Shangazi, kwa sababu nilisema! Na kwenye vikao vyenyewe hata nafasi ya kusema siipati. Nangoja mtu amalize, nikitaka kufungua mdomo mwingine ameshadakia.

Basi nikajirekebisha. Nikaanza kuandika kama wanavyoandika wao: mistari miwili, ndiyo au hapana, imekwisha. Meneja akafurahi. Nami nikaizoea, maana inaokoa muda.

Halafu likaja la nyumbani. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, Baba Mkubwa aliandika ujumbe mrefu kuhusu kukarabati nyumba ya familia, akaorodhesha majina ya wanaotarajiwa kuchangia, la kwangu likiwa juu kabisa. Uwezo huo sina mwaka huu. Nilikuwa na dakika chache kati ya kikao na kikao, nikajibu palepale: "Siwezi kuchangia. Mwakani pia msinihesabu." Nikarudi kazini. Nilipotoka nikakuta kundi zima limenyamaza na mama amenitafuta kwa simu hadi amechoka. Jioni binamu yangu akanitumia picha ya ule ujumbe wangu, umezungushiwa duara jekundu, unapita kwenye makundi ambayo mimi hata simo. Chini yake mtu ameandika: "Huyu si wetu tena." Mama anasema Baba Mkubwa hakulalamika kwa yeyote, ila tangu siku ile hajaandika neno kwenye kundi, na yeye ndiye aliyekuwa akitusalimu kila asubuhi.

La tatu ni mwanangu. Lugha yetu anaielewa yote, lakini bibi yake akipiga simu anamjibu kwa lugha ya shuleni, nami nakaa katikati kutafsiri. Majuzi nilimaliza kuongea na mama nikaingia moja kwa moja kwenye kikao cha kazi, mtoto amekaa pembeni yangu anachora. Baadaye akaniuliza: "Mama, sauti yako ya kweli ni ipi?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia akamalize kazi za shule.

Swali hilo limenikaa rohoni. Kazini wananiita kwa jina walilolikata wenyewe, nyumbani wanasema nimegeuka, na mtoto anamwona mama yake kuwa watu wawili. Je, nichague upande mmoja nitulie? Nimefikiria hata kujitoa kwenye kundi la ukoo. Na Baba Mkubwa nimwombe radhi kwa lipi, ikiwa pesa kweli sina?

Sauti Mbili

* * *

Marahaba, mwanangu.

Naanza na Baba Mkubwa. La kazini linaweza kungoja hata mwezi, la mtoto ni la miaka, lakini mzee aliyenyamaza haachwi anyamaze muda mrefu.

Hukukosea kukataa. Asiyekuwa nacho hana, na mtu mzima yeyote kwenye kundi lile analijua hilo. Ulichokosea ni mahali na namna. Mzee aliweka ombi hadharani, heshima yake ikiwa juu ya ombi hilo, nawe ukalikataa hadharani kwa maneno ambayo hayakumpa hata pa kushika. Erving Goffman, msomi wa sosholojia, aliandika mwaka 1955 jinsi watu wanavyolindana nyuso katika mazungumzo: kila mtu anajitahidi asiaibike, na pia anajitahidi asimwaibishe mwenzake. Baadaye, mwaka 1978, Penelope Brown na Stephen Levinson wakasema kwamba uzito wa neno gumu unategemea mambo matatu: umbali kati ya wazungumzaji, nani ana mamlaka juu ya nani, na ukubwa wa jambo lenyewe. Sasa chukua ile mistari yako miwili uipime. Kwa mwenzako wa kazini mliye sawa naye, mkizungumzia kubadilisha saa ya kikao, ni myepesi kabisa. Kwa mzee wa ukoo, kuhusu nyumba ya familia, mbele ya kila mtu, mistari ileile inaelemea.

Na hao "kila mtu" ni sehemu kubwa ya tatizo. Kundi la ukoo linaonekana kama sebule, lakini sebuleni ungeona nani yupo. Kwenye simu unamjibu mzee mmoja huku wakisoma mama, wadogo zako, wake wa binamu zako na watoto wao waliopewa simu jana. Watafiti Alice Marwick na danah boyd waliiandikia hali hii mwaka 2011: hadhira ambazo zamani zisingekutana kamwe sasa zinakaa mahali pamoja, na mwandishi hajui tena anazungumza na nani. Zamani hapana yako ingepita kwa mtu wa kati, ikafika kwa mzee imeshapoa. Siku hizi inafika ikiwa ya moto, kisha inapigwa picha na kupelekwa kwa watu ambao hata ombi lenyewe hawakuliona.

Kuna na jingine, dogo lakini linauma watu wengi. Justin Kruger na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba anayeandika barua pepe huamini kwamba msomaji atasikia utani au kejeli yake kwa urahisi kuliko inavyotokea, kwa sababu yeye mwenyewe anaisikia sauti yake kichwani anapoandika. Nahisi ndivyo ilivyokuwa kwako. Kichwani mwako mlikuwa na uchovu na pengine majuto. Kwenye skrini ya Baba Mkubwa palikuwa na sentensi mbili kavu tu.

Kwa hiyo piga simu. Usitume ujumbe, wala usirekodi sauti ukamtumia, maana rekodi nayo inasambazwa. Piga saa ambayo huna kikao mbele yako. Salimu, uliza hali, subiri aulize ya kwako, ndipo useme kwa maneno yako jambo kama hili: "Baba Mkubwa, nimekuja kuomba radhi kwa namna nilivyokujibu na mahali nilipokujibia. Hukustahili kujibiwa vile mbele ya watoto. Fedha mwaka huu kweli sina, na ningepaswa kukuambia wewe mwenyewe kwanza." Kisha unyamaze, umwache aseme. Pengine atakukaripia kidogo. Mwache.

Angalia kwamba huombi radhi kwa kukosa pesa. Usikubali mazungumzo yakupeleke huko, wala usiahidi kitu ili kuziba aibu, maana ahadi hiyo itarudi mwakani ikiwa na picha ya skrini ya pili. Na lile la "mwakani msinihesabu" lifute kwa mdomo wako. Hakuna aliyekuuliza habari za mwakani. Hapo ndipo ulipowachoma, kwa sababu hapana ya mwaka huu inahusu mfuko wako, ya mwakani inahusu wao.

Ukishamalizana naye, andika kwenye kundi mistari michache ya heshima, kwamba umezungumza na Baba Mkubwa, umemwomba radhi na amekusikia. Jeraha lilikuwa la hadharani, na radhi ya chumbani haiwafikii waliotazama. Kama unaweza kusaidia kwa njia isiyo ya fedha, kwa mfano kutunza hesabu za michango ya wengine au kulinganisha bei za mafundi, sema hapohapo. Anayeshika daftari la familia haitwi mgeni.

Sasa nami niseme ambalo wao hawatakuambia. Kumwandika mtu jina lake juu ya orodha ya wachangiaji bila kumuuliza nako si adabu sana, hata kama mwandishi ana umri gani. Ila hilo si la kumwambia mzee kwenye simu ya kuomba radhi. Ongea na mama yako yakishatulia, aliseme yeye kwa wakati wake. Na huyo wa "si wetu tena" usimjibu kabisa. Aliyekuwa na muda wa kuchora duara jekundu anangoja ujibu.

Nije kwenye jambo ambalo naona ndilo kiini cha barua yako yote. Unaamini kwamba kazini umejifunza uwazi, na kwamba uwazi huo ndio uliokuharibia nyumbani. Mimi sioni hivyo. Ulichojifunza ni ufupi.

Fanya kazi ndogo wiki hii. Fungua ujumbe wa zamani wa meneja wako, utafute mahali alipomkatalia mtu jambo zito, hasa mtu aliye juu yake. Achana na majibu ya "saa tisa inafaa?" Soma polepole. Sitashangaa ukikuta ameanza kwa shukrani, akataja kilicho kizuri, akatoa sababu, kisha hapana, kisha njia nyingine mbadala. Watu wanaosifika kwa kusema moja kwa moja nao wana mito yao ya kulalia maneno. Wewe hukuiona kwa sababu haiko mahali ulipozoea kuikuta. Ukachukua mistari miwili ya mambo madogo ukadhani ndiyo desturi yao nzima. Ebu fikiria umemwandikia mkurugenzi wenu: "Siwezi kuja kwenye mradi huu. Mwakani pia msinihesabu." Ungeitwa ofisini siku hiyohiyo, kama ofisi hiyo ipo kwenye skrini basi kwenye skrini.

Nao wamekusoma vibaya kwa njia hiyohiyo. Wanadhani unaficha. Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1976 kwamba kuna mazungumzo ambayo sehemu kubwa ya ujumbe imo katika hali inayowazunguka wasemaji: nani anasema, kwa uso gani, wanajuana tangu lini. Na kuna mazungumzo ambayo ujumbe wote lazima uwemo ndani ya maneno. Ulipokulia, mtu anayesifu wazo kisha akaomba liangaliwe tena amelikataa, na kila aliyepo anajua amelikataa. Hakuna kilichofichwa. Kwenye timu yenu hakuna aliyekulia na mwenzake, kwa hiyo hali ya pamoja haipo na maneno yanabebeshwa mzigo wote. Hata ungekutana na mtu kutoka mahali pengine ambapo watu nao husema kwa mbali, mngepishana vilevile, maana kila mmoja angekuwa na umbali wake.

Kwa hiyo adabu yako usiitupe. Iache ilivyo, uongeze sentensi moja yenye uamuzi. "Wazo ni zuri. Kwa tarehe hizi, mimi nasema tusianze." Sentensi ya kwanza ni yako, ya pili ni yao, na hakuna aliyepoteza kitu. Kisha mwombe meneja muda mfupi wa ana kwa ana umweleze jinsi unavyozungumza: ukisema "labda tuangalie tena" maana yake una wasiwasi mkubwa, na ni vizuri akuulize kiasi gani. Mwambie pia, kwa upole lakini kwa maandishi, kwamba kwenye kikao kile ulitaja tarehe, na kwamba kuliandika hilo kuwa umeunga mkono hakukuwa sahihi. Mpaka sasa wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukijirekebisha. Timu ya nchi nyingi ambayo mtu mmoja tu ndiye anayejifunza desturi za wengine haijawa timu. Mwambie ajaribu kuuliza mwishoni mwa kikao, "Nani anaona hili halitafanikiwa, na kwa nini?" Swali la namna hiyo humpa hata mtu wa adabu nyingi ruhusa ya kusema hapana.

La kudakiwa lina sababu yake, nayo wala haihusu haya yako. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walipima lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia, wakaangalia mtu anachukua muda gani kumjibu mwenzake. Kwa wastani pengo ni kama sehemu 2 za 10 za sekunde. Lugha zinatofautiana, lakini tofauti zenyewe ni za chini ya sekunde moja. Ni padogo mno, na masikio yetu yamezoea padogo hapo tangu utotoni, kiasi kwamba anayechelewa kidogo tu tunaona hana la kusema na anayewahi kidogo tunaona ana kiherehere. Ongeza juu yake ucheleweshaji wa mtandao, na ule ukimya unaoungoja wewe haufiki kabisa. Usiungoje. Bonyeza alama ya mkono kabla mwenzako hajamaliza, au mpelekee mwendesha kikao hoja yako mapema umwombe akuite kwa jina.

Kwa jina lako lote, nasisitiza. Andika namna linavyotamkwa kwenye wasifu wako, na anayelikata mrekebishe papo hapo kwa sauti ya kawaida, bila kucheka wala kuomba samahani. Wiki mbili tatu litakuwa limeingia.

Onyo kidogo. Utakutana na watu watakaokupa majedwali ya "nchi fulani wako hivi, nchi fulani wako vile". Mengi yana mizizi kwa Geert Hofstede, mtafiti wa Uholanzi aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa IBM, kampuni ya kompyuta, yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973. Ilikuwa kazi kubwa, na imefungua macho ya wengi. Lakini wakosoaji kama Brendan McSweeney, mwaka 2002, waliuliza inawezekanaje wafanyakazi wa kampuni moja wasimame badala ya taifa zima. Nami nauliza hivyohivyo. Meneja wako ana malezi yake, mabosi wake na hofu zake. Mjue yeye kwanza.

Sasa kijana wako. Swali lake ni zuri kuliko majibu mengi niliyowahi kuyasikia, na hukupaswa kulikimbia, ila bado yupo na ataliuliza tena.

Howard Giles, tangu miaka ya 1970, ameandika kwa kirefu kuhusu namna watu wanavyorekebisha usemi wao kumwelekea wanayezungumza naye. Mwendo, lafudhi na hata urefu wa sentensi hubadilika. Hilo halihitaji pasipoti. Mtu ambaye hajawahi kutoka alipozaliwa ana sauti ya kuongea na mtoto mchanga, sauti ya kuongea na afisa, na sauti ya kuongea na rafiki wa utotoni. Mwanao naye anazo. Msikilize anavyoongea na mwalimu, kisha anavyopiga kelele na wenzake nje. Mwambie hivyohivyo, mwombe akuigizie sauti zake mwenyewe. Atacheka, na atakuwa amepata jibu bila hotuba.

Ila usiharakishe kujifariji. Kubadilisha sauti kwa kupenda na kubadilisha kwa kuogopa si kitu kimoja. W. E. B. Du Bois aliandika mwaka 1903 kuhusu Wamarekani weusi, jinsi walivyolazimika kujitazama daima kwa macho ya watu waliowadharau, na akaeleza uzito wa kuishi na nafsi mbili ndani ya mwili mmoja. Yako si hali ile, na sitaki kuifananisha. Lakini kipimo chake kinakufaa: ukiwa kwenye kila sauti yako, unajitazama kwa macho ya nani? Kama kazini unabadilisha lafudhi ili ueleweke haraka, sawa, kila mtu hufanya. Kama unabadilisha kwa sababu mtu aliwahi kukucheka, au kwa kuwa unaamini yako ni ya chini, hapo mwanao ameona kitu ambacho kwenye barua yako hukukiandika, na inafaa ukae nacho peke yako kwanza kabla ya kumjibu.

Kuhusu simu za bibi: toka katikati. Ukikaa hapo ukitafsiri, mama yako anazungumza nawe na mtoto anazungumza nawe, wao wawili hawazungumzi. Mtoto anayeelewa lugha ya nyumbani na kujibu kwa lugha ya shuleni wapo wengi mno katika familia zilizohama, na si utovu wa adabu. Ametimiza nusu iliyo ngumu zaidi. Joshua Fishman, aliyetumia maisha yake kuchunguza lugha zinazofifia, alisisitiza katika kazi yake ya mwaka 1991 kwamba pigo hasa hutokea pale lugha inapoacha kupita kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto nyumbani. Shule na sherehe husaidia, lakini haziwezi kushika nafasi hiyo. Maana yake kwako ni hii: lugha yenu lazima iwe na kazi ndani ya nyumba, isiwe mtihani wa kila bibi anapopiga simu.

Mpe sababu ya kuitaka. Mwambie bibi anajua vituko vyote ulivyofanya ulipokuwa na miaka tisa, kisha wape simu na uondoke chumbani, kweli uondoke. Mwombe mama yako asimalizie kisa siku hiyohiyo. Mtoto akichanganya lugha mbili ndani ya sentensi moja, msimsahihishe, na hasa msimsahihishe mkiwa mnasikilizwa na ndugu wengine. Akikosea na bibi akaelewa, basi hakukosea kitu cha kushughulika nacho leo.

Umeuliza uchague upande. Hapana. John Berry, mwanasaikolojia wa Kanada, aliwagawa wanaoishi kati ya tamaduni mbili katika njia nne: wanaoshika zote mbili, wanaoacha ya kwao, wanaojitenga na ya wenyeji, na wanaopoteza zote. Tafiti nyingi zilizofuata zimeona kwamba wanaoshika zote mbili kwa kawaida huwa na afya nzuri zaidi ya akili, na wa mwisho huwa na hali mbaya zaidi. Lakini njia ya kwanza haitegemei juhudi zako tu. Berry mwenyewe ameeleza kwamba inawezekana pale ambapo jamii inayompokea mtu inakubali abaki na vyake. Ndiyo maana nimekutuma kwa meneja na kwenye jina lako. Huko kuna kazi ambayo si yako peke yako. Ukichagua upande mmoja utapata utulivu wa muda, kisha utagundua kwamba upande ule uliouacha ndiko aliko mama yako, au ndiko anakokulia mwanao.

Na hilo la kujitoa kwenye kundi, usilifanye sasa. Wasimamizi wa kundi hujulishwa kila anayejitoa, na ukijitoa wiki hii wataisoma kuwa ni jibu lako la pili kwa Baba Mkubwa, nawe hutakuwemo kueleza. Zima mlio wa kundi, liangalie jioni ukiwa umetulia, na ujumbe wowote unaotaja jina lako na pesa ujibu kwa simu kwa aliyeuandika. Miezi ikipita ukaona bado linakuchosha, mwambie mama yako kwanza kwamba unatoka, umwambie na kwa nini, ndipo utoke.

Shangazi